Ganda la Chuma na Jasho Lisilohesabiwa

Tarehe 20 Agosti 2021 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba haitatoa tena ruhusa mpya za kuingiza nchini humo bunduki na risasi zitokazo Urusi. Sababu iliyotolewa ni kutiwa sumu kwa Alexei Navalny, mpinzani wa Serikali ya Urusi, katika mwezi wa Agosti 2020. Amri hiyo ilianza kutumika tarehe 7 Septemba 2021. Ruhusa za zamani ziliachwa ziendelee mpaka muda wake uishe, kwa hiyo mlango haukufungwa kwa kishindo. Ulisukumwa polepole, na kila ruhusa iliyokwisha haikupata ya kuifuata.

Jambo hili laweza kutazamwa kama ugomvi wa wakubwa wawili, na wengi wamelitazama hivyo. Sisi leo twataka kulitazama kutoka chini kabisa, kutoka kwenye nyasi za kiwanja cha kupigia shabaha, mahali yanapoangukia maganda matupu ya risasi. Maana risasi za Kirusi zilizokuwa zikiuzwa Marekani, zile zilizotoka katika viwanda vya Tula, Barnaul na Ulyanovsk, zilikuwa miongoni mwa zile za bei ndogo kuliko zote sokoni. Wanunuzi wake wakubwa hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mshahara: fundi wa gereji, dereva wa lori, mkulima mdogo mwenye kuwinda paa ili apate nyama ya msimu wa baridi. Na risasi hizo zilikuwa na alama moja ambayo kila mpiga shabaha aliijua: ganda lake lilikuwa la chuma, wala halikuwa la shaba.

Kwa miaka mingi ganda hilo halikuwa na thamani. Likianguka liliachwa pale pale lipate kutu. Ganda la shaba, kinyume chake, liliinamiwa na kuokotwa, kwa sababu Marekani kuna desturi kubwa ya watu kujaza upya risasi zao wenyewe nyumbani, na shaba hujazwa mara nyingi kabla haijachoka. Lakini bidhaa ya bei ndogo ilipoanza kupungua, kisha baruti yenyewe ikapanda bei baada ya vita vya Ukraine kupamba moto Februari 2022, likazuka swali ambalo zamani lingechekwa: Je, ganda la chuma nalo haliwezi kujazwa tena? Wako waliojibu kwamba linawezekana, na wamelifanya. Swali letu ni jingine. Anayelipa gharama ya kazi hiyo ni nani?

Hapana budi kwanza tueleze kitu chenyewe, maana mwenye kuzungumza juu ya chuma pasipo kukijua chuma hupotosha watu. Risasi nzima ya bunduki ina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kirukacho. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, kijisahani kidogo kitakoni kinachowasha baruti kinapogongwa. Na kuna ganda, ambalo huzishika tatu hizo pamoja. Lugha yetu huiita risasi ya bunduki kwa jina lile lile la madini laini ya kijivu, kwa kuwa hapo zamani kichwa ndicho kilichohesabiwa kuwa kila kitu. Ukweli ni kwamba sehemu yenye kazi ngumu kuliko zote ni ganda. Baruti iwakapo, ganda hutanuka kwa ghafula na kujibandika katika kuta za chemba ya bunduki, likaziba njia ili moto usirudi nyuma usoni mwa mtu. Mara ile ile hurudi kidogo na kulegea, ndipo liweze kuchomolewa. Litanuke, lizibe, lirudi: yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Shaba ya njano imeumbwa kana kwamba kwa kazi hiyo. Hiyo si shaba tupu. Katika sehemu 100 za metali hii ya maganda, sehemu 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki. Hutanuka bila kupasuka na hurudi kwa utii. Ikishurutishwa tena katika kalibu ya mashine ya mkono, hukubali umbo lake la kwanza. Ni kweli kwamba kila ikifanyiwa kazi huzidi kuwa kavu, lakini fundi ajuaye huilegeza shingo yake kwa moto, na maisha yakaongezeka.

Chuma ni mtu wa tabia nyingine. Kikitanuka hurudi kidogo tu. Risasi ya Kirusi ya milimita 7.62 iliyobuniwa mwaka 1943, ambayo wapigania uhuru wa Msumbiji na nchi nyingine za Kusini waliijua vizuri, ina ganda linalopungua upana kutoka kitakoni kwenda juu, na umbo hilo hulisaidia kuchomoka hata likiwa la chuma. Katika kalibu chuma hubishana na mkono wa fundi. Shingo yake hupasuka mapema. Kisha kuna kutu, adui asiyelala. Kiwandani ganda la chuma hupakwa vanishi, au zinki, au ngozi nyembamba ya shaba, ili hewa isilifikie. Likipigwa na kukwaruzwa mara moja, vazi hilo huchanika, na unyevu hupata pa kuingilia.

Juu ya hayo pana kikwazo cha fataki. Zipo namna mbili za fataki duniani. Moja yatokana na Mwingereza Edward Boxer, nyingine na Mmarekani Hiram Berdan, na wote wawili walikuwa watu wa karne ya 19. Katika namna ya Boxer, fuawe ndogo ambayo fataki hugongwa juu yake imo ndani ya fataki yenyewe, na ganda lina tundu moja katikati. Msumari mwembamba ukipitishwa tunduni, fataki iliyokwisha hutoka. Katika namna ya Berdan, fuawe ni sehemu ya ganda, na matundu yako mawili madogo pembeni, kwa hiyo msumari haupati njia. Kichekesho cha historia ni kwamba Wamarekani waliishika namna ya Mwingereza, na viwanda vya Ulaya na Urusi vikaishika ile ya Mmarekani. Maganda mengi ya chuma ya Kirusi ni ya Berdan. Fataki zake hung'olewa moja moja kwa mkono na kwa subira, na fataki mpya za kuzirithi si rahisi kupatikana katika maduka ya Marekani.

Twasema basi, bila kuficha: ganda la chuma laweza kujazwa upya, ila mara chache, kwa taabu nyingi, na kwa hatari isiyokuwapo katika shaba iliyo nzima. Ganda lililopasuka halizibi moto. Wala hatuandiki haya ili msomaji wetu ajaribu. Baruti si kitu cha kuchezea jikoni, na sheria za nchi zetu juu ya silaha na risasi ni kali.

Sasa yafaa tuulize: kama shaba ni bora hivi, chuma kiliingiaje katika kazi hii? Kiliingia kwa mlango wa dhiki. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia manowari za Uingereza ziliizingira Ujerumani baharini, na shaba kutoka nje ikawa haba. Wajerumani walikusanya masufuria ya shaba kutoka majumbani, wakashusha hata kengele za makanisa ziyeyushwe. Mafundi wao wakalazimika kujifunza kutengeneza maganda ya chuma. Vita vya Pili vilipofika walikwisha kuwa mabingwa wa kazi hiyo, wakaifanya kwa wingi mkubwa.

Tusidhani kwamba dhiki hiyo iliwapata walioshindwa peke yao. Marekani, nchi yenye migodi ya shaba, nayo iliionja. Huko Evansville, katika jimbo la Indiana, kiwanda cha magari cha Chrysler kiligeuzwa mwaka 1942 kuwa kiwanda cha risasi za bastola, na wafanyakazi wake wakatengeneza zaidi ya risasi milioni 3,000, nyingi zake za ganda la chuma. Mwaka 1943 hata sarafu ya senti moja iliacha kutengenezwa kwa shaba. Zilitolewa zaidi ya milioni 1,000 za chuma kilichopakwa zinki, ili shaba iende vitani. Senti hizo nyeupe ziliwasumbua watu. Zilidhaniwa kuwa senti kumi, kisha zikapata kutu mifukoni. Mwaka uliofuata ziliachwa, na senti za 1944 hadi 1946 zilitengenezwa kwa metali iliyotokana na maganda ya risasi. Mtu aliyenunua mkate baada ya vita alilipa kwa kipande cha kilichobaki baada ya mlio.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi hauko Indiana. Uko Manza, ghuba iliyo kaskazini ya Tanga.

Katikati ya Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojificha kwa jina na bendera ya Kidenmaki kama Kronborg, iliikaribia pwani ya Tanganyika ikiwa imebeba makaa, bunduki na risasi kwa majeshi ya Lettow-Vorbeck, ambayo yalikuwa yamezingirwa na manowari za Kiingereza. Manowari Hyacinth iliifukuza mpaka ndani ya ghuba ya Manza na kuipiga. Nahodha wake, Christiansen, aliyaachia maji yaingie melini na kuwasha mbao zilizokuwa juu, na Waingereza walipoona moto ule wakaamini kwamba shehena yote imeteketea, wakaondoka. Haikuteketea. Ilikuwa chini ya maji, na ikaanza kutolewa.

Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na chumvi haina huruma kwa baruti wala kwa fataki. Zikapelekwa nchi kavu, na kazi ikawa kuzifungua risasi moja moja, kuisafisha na kuikausha baruti, kuzitazama fataki na kuzibadili zilizoharibika, kisha kuzifunga tena. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliieleza kazi hiyo katika kumbukumbu zake za vita. Vitabu vingi vya kijeshi husifu werevu wa jemadari. Na aliyekuwa na kisu, kitambaa na kikapu cha risasi mbele yake? Na aliyezitwika kichwani kutoka pwani hadi bara? Watu hao hawana majina katika vitabu hivyo. Katika vita ile, kwa pande zote mbili, wapagazi Waafrika waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na hata hesabu hiyo ilifanywa kwa kukisia, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejali kuandika.

Kwa hiyo risasi za Manza zilikuwa rahisi sana kwa yule aliyezipiga. Hazikumgharimu fedha za kununua nyingine, ambazo hata hivyo zisingefika. Gharama yake ilikuwa kazi, na kazi hiyo haikuandikwa katika daftari lolote.

Hapa ndipo tunaporudi kwa mtu wa Marekani na mashine yake ndogo iliyofungwa kwenye meza. Yeye si mpagazi wa 1915. Ni mtu huru, afanya apendavyo jioni ya Jumamosi. Aweza kutuambia kwamba amejipatia risasi kwa bei ndogo kuliko ya dukani, na atatuonyesha hesabu: kichwa bei kadha, baruti kadha, fataki kadha, ganda bure. Hesabu yake ni sahihi kwa kadiri ilivyoandikwa. Lakini saa zake haziko. Kuokota, kutenganisha kwa sumaku, kusafisha, kung'oa, kupima, kukagua, kutupa yaliyopasuka: hayo yote ameyaandika kuwa sifuri. Kwa ganda la shaba kosa hilo si kubwa, kwa kuwa kazi ni nyepesi na ganda hurudi tena na tena. Kwa ganda la chuma kosa huonekana waziwazi. Mtu aliyefanya kazi kutwa kiwandani kwa ujira unaojulikana huenda nyumbani akafanya kazi ya pili kwa ujira usiojulikana, ili afidie pengo lililofunguliwa na amri iliyotiwa sahihi na watu ambao hawajui bei ya kasha la risasi.

Wako watakaosema kwamba tunakuza mambo, kwamba huo ni mchezo wake na fahari yake. Hatukatai. Ustadi wa kuirudishia kazi metali iliyokwisha kutupwa ni ustadi wa kweli, na mwenye kuufanya kwa mapenzi yake hana haja ya kuhurumiwa na gazeti. Tofauti yaja pale mapenzi yanapogeuka kuwa lazima. Amri ya 2021 ilikusudiwa kuiadhibu Serikali ya Urusi. Tazama basi ilimwangukia nani. Nchi iliyo vitani haikosi mnunuzi wa risasi zake, na miezi michache baadaye Urusi ilikuwa vitani. Aliyebaki kutafuta namna ni mnunuzi mdogo aliye ng'ambo ya pili ya bahari.

Hatusemi kwamba nchi haina haki ya kukataa bidhaa za nchi nyingine. Twasema tu kwamba bei ya ganda tupu haitoki katika metali peke yake. Hutoka pia katika karatasi. Mfano wa wazi ulionekana Machi 2009, wakati idara ya vita ya Marekani ilipoamua kwamba maganda ya shaba yaliyopigwa katika mazoezi ya askari yasiuzwe tena yakiwa mazima, bali yapondwe kwanza. Shaba ilikuwa ile ile, yenye uzito ule ule. Lakini ganda zima ni chombo, na ganda lililopondwa ni chakavu cha kuuzwa kwa kilo. Maseneta wawili wa Montana, Max Baucus na Jon Tester, walipinga, na baada ya siku chache uamuzi ukafutwa. Thamani iliyokuwa imeondolewa kwa barua moja ikarudishwa kwa barua nyingine. Wanunuzi wa shaba walikuwa na maseneta wa kuwasemea. Wale wa chuma cha kigeni hawakuwa na wa kuwafungulia mlango.

Na shaba yenyewe yatoka wapi? Msomaji wa Tunduma hana haja ya kuambiwa, huiona ikipita. Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba katika mwaka 2024, ikawa ya pili duniani baada ya Chile. Yatoka Kolwezi, Likasi na pande zote za Katanga, jimbo ambalo kuanzia 1971 hadi 1997 liliitwa kwa jina hilo hilo la Kiswahili, Shaba. Sehemu kubwa ya mzigo huo huja kwa malori kupitia Zambia hadi bandari ya Dar es Salaam, mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na madereva wetu huyasubiria katika foleni za mpakani usiku na mchana. Hatutasema kwamba shaba hiyo ni ya risasi. Nyingi huwa nyaya za umeme na mitambo. Lakini metali ni moja na soko lake ni moja, na bei hupigiwa hesabu London. Mwezi wa Mei 2024 tani moja ilipita dola 10,000. Kadiri bei hiyo ipandavyo, ndivyo kila mwenye kutengeneza maganda anavyozidi kukitazama chuma kwa jicho la mapenzi, kama Mjerumani alivyokitazama alipozingirwa, na kama Evansville walivyokitazama mwaka 1942.

Mchimbaji wa Kolwezi hajulishwi habari hizo. Yeye husikia tu kwamba jiwe limepanda, kisha huambiwa na mnunuzi aliye mlangoni mwa shimo kwamba jiwe lake yeye lina uchafu mwingi, na hulipwa kwa mzani ambao hakuupima. Katika mlolongo mzima wa kitu hiki, kutoka shimoni hadi uwanjani, mtu wa kwanza na mtu wa mwisho wanafanana kwa jambo moja: saa zao hazimo katika hesabu.

Na huko kwenye viwanja vya shabaha vya Marekani sumaku bado yapitishwa juu ya nyasi jioni. Zamani ilipitishwa ili chuma kitengwe na kutupwa. Sasa wako wanaoipitisha ili wakiokote.